Bahasha ya Ishirini na Tatu

14 Desemba
Daftari hili nimepewa kwenye semina mjini, pamoja na kalamu mbili na fulana isiyonitosha. Nimeona heri niandike humu kuliko lioze kabatini. Leo imenyesha mvua ya kwanza ya maana. Waliokuwa wanamalizia korosho wamekimbia na magunia vichwani. Kwa kituo chetu cha afya, huku chini karibu na mdomo wa Ruvuma, mvua maana yake ni mbu, na baada ya mbu ni watoto.

16 Desemba
Amefika daktari wa utafiti. Anaitwa Upendo, kwao Mbeya, na kwa umri ningeweza kumzaa. Amekuja na kompyuta, mizani mpya na sanduku la bahasha.

Ametukusanya akatueleza. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu imekuwa baridi, mapigo yanapotea, sisi humtundikia dripu na kulifungulia, maji mengi yaingie ndani ya saa moja. Ndivyo tulivyofundishwa. Ndivyo unavyosema mwongozo uliobandikwa ukutani, na ndivyo nilivyofanya miaka ishirini na miwili. Sasa nusu ya watoto watapewa hivyo, na nusu watapewa matone ya polepole. Dawa nyingine zote sawasawa. Nani apate ipi, bahasha itasema. Zimefungwa, zina namba, zinachukuliwa kwa mfuatano, na ndani ya kila moja mna kadi yenye neno moja: HARAKA au POLEPOLE.

Fredi, tabibu wetu, akasema haraka haraka haina baraka. Wote wakacheka isipokuwa mimi.

"Daktari," nikamuuliza, "na huyo wa polepole akifa?"

"Sista Zuhura, hatujui ipi inaokoa zaidi. Tungejua tusingeuliza."

Hajui yeye. Mimi najua. Nimeshika mikono mingi midogo ikirudi joto ndani ya viganja vyangu, yeye akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu.

20 Desemba
Bahasha ya kwanza. Haraka. Mtoto amepona.

23 Desemba
Ya pili, polepole. Huyu naye amepona. Bahati yake.

27 Desemba
Mvua. Mwanaidi amepita na somo yangu kuleta muhogo.

Niandike habari ya huyu somo. Miaka minne iliyopita nilimzalisha Mwanaidi hapa kituoni, baada ya mimba tatu kuharibika. Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni, kimya. Nilimfuta, nikamsugua mgongo, nikampulizia, mpaka akalia. Rajabu, mumewe, akasema mtoto ataitwa Zuhura kama mimi. Kwa hiyo tunaitana somo, na yeye hunitangaza kwa kila mgonjwa aliyeko kwenye benchi: "Yule nesi ni somo yangu." Leo alitaka nimsikilize moyo kwa kipimo. Akauliza unasemaje. Nikamwambia unasema unataka uji. Akasema hapana, unataka soda.

Mimi Mungu hakunipa mtoto. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote.

2 Januari
Bahasha ya tano, haraka. Ndani ya saa moja alifumbua macho, akamwita mama yake. Asubuhi hii amefariki. Alikuwa ameletwa amechelewa.

6 Januari
Mvua tangu alfajiri. Hakuna cha kuandika.

9 Januari
Umeme umekatika nikiwa peke yangu chumba cha dawa. Nikawasha tochi ya simu, nikaona kuwa bahasha ikiwekwa mbele ya mwanga, kadi inaonekana. Si lazima usome. Lipo neno refu na lipo neno fupi. Sikufanya kitu, niliirudisha tu mahali pake. Ila nimecheka kidogo: wasomi wamekuja na kompyuta mpaka huku, wameshindwa na tochi ya simu ya elfu thelathini.

10 Januari
Nimechungulia tena. Ya tisa, refu.

18 Januari
Bahasha ya kumi na tatu, haraka. Binti wa miaka miwili. Alirudi joto vizuri sana, nikamwita mwanafunzi wa uuguzi aje ashike mkono ule ajifunze. Jioni pumzi ikaanza kwenda mbio, na kabla ya magharibi amefariki. Alichelewa kuletwa huyu pia.

Nilipoingia stoo kuchukua shuka nilimkuta Dk. Upendo amekaa juu ya katoni za glavu, analia kwa kujiziba mdomo. Nikarudisha mlango taratibu. Nilikuwa nadhani kwake hawa ni namba.

25 Januari
Ruvuma umevimba. Mashamba ya mpunga ya bondeni yamelala majini, na barabara ya kwenda mjini inapitika kwa pikipiki tu, tena ya mtu mwenye moyo. Dada yangu wa Chuno amepiga simu, ananiambia niombe uhamisho nirudi mjini, nipange chumba Shangani, jioni nitembee ufukweni kama watu. Nimemwambia nani atabaki huku.

4 Februari
Bahasha ya kumi na tisa, polepole. Amepona.

Watoto wanne leo, wote homa. Miguu inaniuma.

13 Februari
Sikuandika juzi wala jana. Naandika sasa, na nitaandika yote.

Juzi Mwanaidi alifika saa sita mchana, mvua inamwagika, mtoto yuko mgongoni kwa kanga mbili na turubai juu. Rajabu alikuwa shambani ng'ambo ya korongo, na daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na maji.

"Homa imeanza jana," Mwanaidi akasema. "Nikampa panadol, ikashuka. Asubuhi namwamsha ntoto haamki."

Nikamfungua. Somo hakunijua. Mikono ilikuwa baridi mpaka viwikoni, mapigo nayatafuta siyapati. Dk. Upendo alikuwa mjini kwenye kikao. Fredi alikuwa anamshona kijana wa bodaboda aliyeanguka. Nikachukua fomu ya ridhaa, nikamsomea Mwanaidi, akatia dole gumba. Kisha akanishika mkono, akaninong'oneza.

"Da Zuhura, hiyo ya karatasi mi sitaki. Huyu somo yako. Npe ile unayoijua weye."

Nikaenda chumba cha dawa. Bahasha ya juu ilikuwa ya ishirini na tatu. Nikaiweka mbele ya tochi: neno refu. Nikaiweka pembeni nikachukua ya ishirini na nne: neno fupi. Haikufika dakika moja. Wala sikutetemeka. Nataka hilo liandikwe, maana najijua, baadaye nitataka kusema nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa hata kidogo.

Nikalifungulia dripu. Baada ya dakika arobaini mikono ikaanza kupata joto, kwanza viganja, halafu vidole. Akafumbua macho akasema, "Somo." Akaomba maji. Mwanaidi akaenda chini palepale kwenye sakafu yenye matope, akasujudu. Nami nilijisikia mkubwa. Nilijiambia, wangapi wangekuwa na moyo wa kufanya hivi?

Saa nane akaletwa Mikaeli, mtoto wa mwalimu Josephu wa shule ya msingi. Miaka mitatu, hali ileile, mikono ileile. Iliyofuata sasa kwa namba ilikuwa ya ishirini na tatu, ile niliyoiweka pembeni. Nikaifungua mbele ya baba yake kana kwamba sijui kilichomo, nikamtundikia matone ya polepole. Nikamhurumia. Nilisema moyoni, masikini mtoto wa watu.

Saa tisa na nusu pumzi ya somo ikaanza kwenda mbio. Kope zikavimba. Kifuani kukawa na sauti ya maji, kama sufuria inayoanza kuchemka. Nikamketisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamwekea oksijeni. Fredi akamwacha mgonjwa wake akaja mbio. Povu likaanza kutoka mdomoni na puani, nafuta, linatoka, nafuta. Nilimwita jina lake ambalo ni langu. Ilipoadhiniwa magharibi alikuwa ameshakufa, na bado nilikuwa nafuta.

Mwanaidi hakupiga kelele. Alisema, "Amri ya Mungu." Kisha akaomba kanga kavu amfunike.

Kabla sijatoka niliandika kwenye rejista kwamba Mikaeli aliletwa saa tano na nusu, kabla ya somo, ili namba za bahasha zifuatane.

Jana wakamzika. Niliporudi kituoni kutoka msibani Mikaeli alikuwa amekaa kitandani anakula uji, anagombana na mama yake kuhusu sukari.

14 Februari
Nalia jikoni, nalia bafuni. Kazini silii.

17 Februari
Rajabu amekuja na mfuko wa korosho zilizobanguliwa. Amekonda kwa siku chache hizi. "Dada, mke wangu kaniambia ulivyopigana," akasema. "Angekuwa nesi mwingine asingehangaika vile. Mungu akulipe." Nimezipokea.

23 Februari
Bahasha ya ishirini na saba, haraka. Nimefuata mfuatano. Nilikaa kitandani kwa mtoto mpaka zamu ikaisha, siangalii mikono, naangalia kifua. Amepona.

2 Machi
Ramadhani imeingia. Mvua.

8 Machi
Mwanaidi ananiletea futari kituoni kila siku. Muhogo wa nazi na samaki, umefungwa kwa kitambaa safi. Anasema mtu anayefunga peke yake asipike. Leo alikaa nami mpaka nikamaliza bakuli, ananiangalia nikitafuna. Ameshaanza kupalilia. Ameniambia usingizi umeanza kurudi, kwa sababu akilala anakumbuka kwamba mtoto alifanyiwa kila kitu, na kilichobaki kilikuwa cha Mungu.

15 Machi
Nimekutana na mwalimu Josephu gengeni, Mikaeli yuko mabegani. "Msalimie shangazi aliyekuponya," akamwambia. Mtoto akanipa mkono. Una joto, kama mkono wa mtoto yeyote.

16 Machi
Sitaki kuhesabu.

17 Machi
Nimehesabu. Watoto thelathini na wawili mpaka leo. Haraka kumi na sita, wamekufa wanne. Polepole kumi na sita, amekufa mmoja. Nimefunga rejista nikajiambia walichelewa kuletwa. Lakini na hawa wengine walichelewa. Mikaeli alichelewa.

22 Machi
Hitima ya arobaini. Wanawake tulijaa uani, mvua ikatukimbizia barazani. Baada ya dua Mwanaidi akawaambia wenzake mbele yangu: "Da Zuhura hakumwacha somo yake apewe ya karatasi. Alimpa ile ya kweli." Mama mmoja akanibusu mkono. Nikasema nimeacha nguo kwenye kamba, nikaondoka, na nguo zenyewe sikuwa nimefua.

31 Machi
Idd. Nimeshinda ndani.

3 Aprili
Utafiti umesimamishwa. Dk. Upendo ametukusanya palepale alipotukusanya Desemba. Kuna kamati inayotazama vituo vyote vya utafiti huu, mikoa yote, na imesema hakuna mtoto mwingine atakayeingizwa. Kati ya kila watoto mia waliopewa haraka wamekufa kumi na mmoja, na waliopewa polepole wamekufa saba. Kuanzia leo, kwa watoto wa namna hii, ni polepole tu.

Fredi akasema, "Lakini tunawaona wakiamka."

"Wanaamka," Dk. Upendo akajibu. "Hata hapa wameamka wengi. Maji yanainua mapigo kwa muda. Baadaye moyo na mapafu vinashindwa kuyabeba. Sisi sote tulikuwa tunaangalia saa ya kwanza, tunafurahi. Anayekufa saa ya sita tunasema alichelewa kuletwa."

Nilikuwa nimeegemea ukuta chini ya ule mwongozo. Akaja akaubandua mwenyewe, kwa kucha, ukachanika vipande. Akasema, kama anayejitetea, "Mimi nilikuja hapa nikitaka kuonyesha kwamba haraka inaokoa. Nilikuwa na hakika."

4 Aprili
Miaka ishirini na miwili. Wanafunzi niliowafundisha wako Newala, Masasi, Tandahimba, wanafundisha wengine. Nakumbuka nyuso za watoto ambao sikuwa nimewakumbuka kwa miaka. Hao walikufa mimi nikiwa sijui, na asiyejua Mungu anamsamehe. Lakini somo?

5 Aprili
Mvua. Nimeenda kazini, nimerudi.

8 Aprili
Nimemwambia Dk. Upendo. Nilimwomba tuingie stoo, nikafunga mlango, nikamwambia ya tochi, ya bahasha mbili, ya saa niliyoiandika kwa uongo. Nilitegemea atanifokea. Alikaa juu ya zile katoni.

"Sista, nitalazimika kuiandikia kamati," akasema. "Jina lako litatolewa kwenye utafiti, na sijui mwajiri atafanya nini."

"Andika."

"Mama yake anajua?"

"Anajua nilimpa haraka. Anadhani nilimwokoa, Mungu akakataa."

Akashika kichwa. "Utafiti unasema juu ya watoto mia, Sista. Hauwezi kusema juu ya mtoto mmoja. Pengine angekufa hata kwa polepole."

"Na pengine?"

Baadaye akasema taratibu, "Tulimsomea kwenye ile fomu kwamba tutamwambia tutakachokijua. Alitia dole kwa hilo. Nikisema nimwambie mimi, nitakuwa nakusaidia wewe, si yeye."

Tangu Desemba nilikuwa namwona Dk. Upendo kama mtoto. Ana busara ambayo mimi sijaifikia bado.

11 Aprili
Nimefika mpaka kwenye ua wa Mwanaidi, nikawasalimu, nikanywa maji, nikarudi.

14 Aprili
Hoja yangu ni hii, na naiandika ili niione vizuri. Mwanaidi aliniomba. Alisema, npe ile unayoijua weye. Nikimwambia ukweli, nampa na yeye fungu lake, alibebe mpaka kaburini. Nikinyamaza, naila futari yake, nazipokea dua zake, naitwa shangazi aliyeponya. Kila nikipima naona kunyamaza ni huruma, halafu nakumbuka kwamba siku ile ya bahasha pia nilikuwa nafanya huruma.

19 Aprili
Mvua imekata. Nimeenda asubuhi.

Mwanaidi alikuwa uani anamenya muhogo wa kuanika. Nikakaa kwenye mkeka karibu yake, nikamwambia nimekuja na neno zito. Kwanza nilimweleza ya utafiti, kwamba umekwisha, kwamba ile ya haraka tuliyoiamini sote imeonekana inaua zaidi ya ile ya polepole. Akaendelea kumenya. Kisha nikamwambia ya bahasha.

"Iliyokuwa yake ilisema polepole. Niliibadilisha mimi. Ni mimi niliyeamua, Mwanaidi, peke yangu."

Kisu kikasimama.

"Si peke yako," akasema. "Nilikuomba."

"Wewe ni mama. Mama yeyote angeomba. Mimi ndiye niliyekuwa na kiapo."

"Nilikuomba, da Zuhura. Nilikushika na nkono."

Kuku walikuwa wanapekua maganda, hakuwafukuza. Akauliza kama ile bahasha yake alipewa mtu. Nikasema alipewa mtoto mwingine. Akauliza kama yuko hai. Nikasema yuko hai. Sikumtaja jina, naye hakuniuliza, lakini kijiji hiki ni kidogo na mtoto mwingine aliyelazwa siku ile alikuwa mmoja tu. Nikamwona akifika kwenye jina hilo mwenyewe.

"Kwa hiyo wangu alikuwa apone," akasema.

"Hatujui. Daktari anasema hakuna ajuaye kwa mtoto mmoja. Huenda angekufa vilevile."

"Weye nesi hujui. Daktari naye hajui." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na ningeipenda hasira kuliko ile. "Sasa mi ntajua nini? Ntalala vipi?"

Nikamwomba msamaha. Nilisema maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, na yalipokwisha nikaona hayakuwa na kazi yoyote pale. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu. Kisha akaweka kisu chini.

"Nilikuwa nimeshasema ni amri ya Mungu," akasema. "Siku arobaini nilisema hivyo, kila siku, mpaka moyo ukakubali. Ulikuwa umeshakubali, da Zuhura. Ungeniacha."

Akafunika uso kwa kanga na kulia, kilio ambacho hakukilia siku ile kituoni. Nilitaka kumshika, nikaona sina mkono wa kumshikia. Wala sikuweza kuondoka. Nikachukua kisu nikaendelea kumenya muhogo, kwa kuwa ulikuwa umebaki nusu ya ungo na jua lilikuwa limetoka.

Tulikuwa hivyo Rajabu alipoingia kutoka shamba, jembe begani, miguu ina matope mekundu mpaka magotini. Akafurahi kuniona. Akauliza kama nimepewa chai. Kisha akamwona mkewe, akatutazama sote wawili, akaliegemeza jembe ukutani na kuchuchumaa mbele yangu.

"Dada, kuna nini?" akauliza.

Mwanaidi hakuondoa kanga usoni. Nikaweka kisu chini, nikaanza upya.